Maji ya muda inje: namna ya kuyafikisha kwenye nyumba ya mbao, shitingi ao kontena bila kuita kolera

Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Kongo, watu wengi wanaishi mahali ambapo bomba la maji halijafika bado. Kuna nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkano, kuna shitingi ya familia iliyokimbia vita, kuna kontena iliyogeuzwa duka ao posti ya afya, kuna kibanda cha mlinzi kwenye kiwanja cha ujenzi. Pote pale, maji yanafika kwa njia moja: tiyo inavutwa kutoka kwa jirani ao kutoka kwenye tanki, inapita inje, inaishia kwenye robine moja. Hayo ndiyo yanaitwa maji ya muda.

Maji ya muda si mabaya. Yanaweza kuokoa familia safari ya saa mbili na bidoni mgongoni. Lakini yakipangwa vibaya, tiyo ile ile inakuwa njia ya kupitisha kolera kutoka mtaro wa maji machafu mpaka kwenye kikombe cha mtoto. Makala hii inaeleza namna kazi inafanyika, hatua kwa hatua, na vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kufuata.

Sababu ya kuwa makini

Historia ya Goma inatosha kama fundisho. Mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma na kandokando yake kwa siku chache tu. Mawe ya volkano ni magumu, hakukuwa namna ya kuchimba visima wala vyoo haraka. Watu walikunywa maji ya ziwa bila dawa. Katika mwezi wa kwanza, watu karibu 50.000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka tena, kisha milipuko ya 1977 na ya 2002. Lava iliteremka mpaka Buhene, ikaharibu tanki kubwa na mabomba. Karibu nusu milioni ya watu walibaki bila maji ya bomba. Kwa majuma mengi, maisha yalisimama juu ya kamio za maji, matanki ya plastiki na tiyo za muda. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano ndani ya Goma, umeme na maji vilikatika tena kwa masiku kadhaa na watu wakarudi ziwani na mabidoni.

Uvira nayo ina jambo la kufundisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2015, juu ya takwimu za 2009 mpaka 2014, ulilinganisha siku ambazo bomba lilitoa maji na hesabu ya wagonjwa waliolazwa kwa kolera. Ulionyesha kwamba kila mara maji yanapokatika, wagonjwa wanaongezeka katika siku 12 zinazofuata. Karibu robo moja ya wagonjwa wote wa wakati ule ilihusiana na maji kutotoka vizuri. Ni kusema kolera haitokani tu na uchafu wa mtu mmoja. Inatokana pia na maji yanayokuja leo na kukosa kesho.

Kwanza, kuhesabu mahitaji

Kabla ya kununua tiyo, inafaa kujua maji kiasi gani yanahitajika. Kipimo kinachotumiwa na mashirika wakati wa dharura ni litri 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi wa mwili. Familia ya watu 7 inahitaji basi litri 105 kwa siku, ni kusema mabidoni matano ya litri 20 na kidogo zaidi.

Kwa sababu maji yanakatika mara kwa mara, tanki iwe na akiba ya siku mbili kwa uchache. Kwa familia ile, pipa la litri 200 linakaribia kutosha. Kama ni familia nne zinazoshirikiana parseli moja, tanki ya litri 1.000 ndiyo inafaa.

Kwa robine ya watu wote, kipimo ni watu 250 kwa robine moja, isipite pale. Robine yenyewe itoe angalau litri 7 na nusu kwa dakika, nyumba isiwe mbali kupita metre 500, na mtu asingoje kupita dakika 30. Foleni ikizidi pale, wamama wanachoka na watoto wanatumwa ziwani. Kazi yote inakuwa bure.

Maji yatoke wapi

Njia ya kwanza ni robine ya REGIDESO ao ya mtandao mwingine unaotambuliwa, iliyo kwa jirani. Ni njia bora, juu maji yamekwisha kutiwa dawa. Lakini kazi ya kuunganisha ifanywe na plombie anayejulikana, na jirani mwenye kontere akubali mbele. Kutoboa bomba kubwa kwa siri ni hatari mara mbili: mwenye kufanya vile anaweza kufuatwa na sheria, na lile tundu linaingiza uchafu kwa kartie nzima.

Njia ya pili ni kamio ya maji. Hapa swali la kwanza kwa dereva ni: maji yametoka wapi, na yametiwa dawa saa ngapi? Kamio iliyobeba mazuti ao vitu vingine haifai hata ikisuguliwa.

Njia ya tatu ni mvua. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya metre moja ya mraba ya bati inatoa litri moja. Bati la metre 20 za mraba, mvua ikiwa ya milimita 10, linatoa litri 200, lakini zinazofika kwenye pipa ni kama 160, nyingine zinapotea. Maji ya dakika za kwanza yatupwe kwa sababu yanasafisha vumbi, mavi ya ndege na majivu. Kandokando ya Nyiragongo na Nyamulagira, wakati volkano inatoa majivu ao moshi mwingi, inafaa kuondoa mfereji wa bati na kufunika tanki mpaka hewa itulie. Maji ya mvua yanapita katika moshi ule na kubeba asidi na floride. Kuchemsha hakuondoi floride.

Njia ya nne ni ziwa ao mto. Maji haya hayanywewi vile yalivyo, hata yakionekana meupe. Yasichotwe pembeni ambapo watu wanafua na kuoga. Lazima yatulie, yachujwe, kisha yatiwe dawa.

Kuchagua tiyo

Tiyo si zote sawa. Ile ya bustani inayouzwa sokoni kwa bei ndogo mara nyingi inaachia ladha na harufu ya mpira ndani ya maji, zaidi sana ikilala juani. Kwa maji ya kunywa, inafaa tiyo nyeusi ya polietileni, ile inayouzwa kwa roulo na inayotumiwa kwa maji ya nyumba. Inavumilia jua, haipasuki upesi, na mwangaza haupiti ndani. Tiyo inayoonekana ndani inaota kijani kisha siku chache.

Tiyo iliyokwisha kutumika kwa mazuti, kwa dawa ya mimea ao kwa kuvuta maji ya choo isitumike tena kwa maji ya watu. Hakuna sabuni inayoweza kuitakasa.

Unene wa tiyo ni jambo ambalo wengi wanasahau. Tuchukue tanki iliyo juu ya metre 2 na tiyo ya urefu wa metre 30. Tiyo ikiwa na kipenyo cha ndani cha milimita 12 na nusu, inatoa karibu litri 5 ao 6 kwa dakika: bidoni moja inajaa kwa dakika tatu na nusu. Kipenyo kikiwa milimita 25, tiyo inaweza kupitisha karibu mara sita zaidi. Kwa hiyo, mtu asikimbilie kununua motopompi wakati shida yake ni tiyo nyembamba.

Nguvu ya maji yenyewe inatokana na urefu. Metre 10 za urefu zinatoa bari moja. Tanki iliyo juu ya metre 2 inatoa sehemu ya tano tu ya bari. Kama parseli iko kwenye mteremko, kama vile Bukavu, tanki iwekwe upande wa juu. Mlima unafanya kazi bila kuomba mafuta.

Kupitisha tiyo inje

Hapa ndipo makosa mengi yanafanyika. Njia fupi mara nyingi inapita ndani ya mtaro wa maji machafu, na watu wanaifuata kwa sababu haizuii mtu kupita. Lakini tiyo haitakiwi kugusa mtaro, shimo la takataka wala ukuta wa choo. Ikiwa lazima ivuke mtaro, ipite juu, ndani ya tiyo nyingine kubwa ao ya chuma, na pasiwe kiungo chochote hapo katikati.

Sababu ni hii. Wakati maji yanatoka kwa nguvu, tundu dogo kwenye tiyo linamwaga maji inje. Kila mtu anaona, na anasema ni hasara ndogo tu. Lakini maji yakikatika, bomba linakuwa tupu na linaanza kuvuta. Tundu lile lile lililokuwa linamwaga sasa linanyonya. Kama limelala ndani ya maji machafu, yale machafu yanaingia. Maji yakirudi asubuhi, bidoni ya kwanza inapokea yote. Ndiyo maana maji yanayokatika-katika ni hatari kuliko yanavyoonekana.

Kwa sababu hiyo, kufunga tundu kwa kipande cha mpira wa kinga si kutengeneza. Ule mpira unazuia maji kutoka, hauzuii uchafu kuingia. Sehemu iliyotoboka ikatwe, na ncha mbili ziunganishwe kwa rakori ya kipimo chake.

Juu ya mawe ya volkano, tiyo inakatwa na ncha za mawe kama kisu. Pale ambapo haiwezekani kuchimba, inawekwa mchanga ao changarawe laini chini, tiyo juu yake, kisha inafunikwa tena na mchanga na mawe madogo. Pale ambapo chukudu, moto na magari vinapita, tiyo ipite ndani ya tiyo ya chuma iliyozikwa. Shefu wa kartie aulizwe kabla ya kuvuka barabara ao parseli ya mtu. Ugomvi mwingi wa maji unaanza na tiyo iliyopita kwa mtu bila kubisha hodi.

Maji yasirudi nyuma

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani. Mtu anatumbukiza ncha ya tiyo ndani ya beseni la kufulia ao ndani ya pipa, kisha anaacha robine wazi. Maji yakikatika upande wa REGIDESO, yale ya beseni, na sabuni na uchafu wake, yanavutwa kurudi ndani ya bomba. Familia inayofuata kwenye mstari ule inayanywa.

Dawa yake ni mambo mawili. La kwanza ni bure: ncha ya tiyo ibaki kila mara juu ya maji, na nafasi ya kidole kirefu katikati, isizame hata siku moja. La pili ni kununua klape, kifaa kidogo kinachoacha maji yaende mbele tu. Kinawekwa karibu na robine ya jirani, pale tiyo ya muda inapoanzia. Jirani anayetoa maji yake ana haki ya kuidai.

Kuweka tanki

Litri 1.000 za maji zina uzito wa kilo 1.000, ni kusema tone moja, bila kuhesabu tanki yenyewe. Miti myembamba iliyofungwa na misumari haiwezi kubeba mzigo ule kwa muda mrefu, zaidi sana ikipata mvua na mchwa. Tanki ikianguka inaua mtu. Kama hakuna chuma ao matofali na simenti ya kutosha, ni vizuri tanki ikae chini, juu ya mawe yaliyosawazishwa na mchanga, na watu waridhike na nguvu ndogo ya maji. Watoto wasicheze chini yake.

Matanki meupe ya litri 1.000 yenye kizimba cha chuma yanauzwa mahali pengi yakiwa yamekwisha kutumika. Mengi yalibeba kemikali. Kama muuzaji hawezi kuonyesha kilichokuwa ndani, yasinunuliwe kwa maji ya kunywa.

Tanki nzuri ina kifuniko kinachofunga vizuri, kusudi mbu na vumbi visiingie, na mwangaza usiingie. Robine ya kutolea maji iwe sentimetre 5 mpaka 10 juu ya kitako, kusudi matope yabaki chini. Tundu lingine, chini kabisa, linatumika siku ya kuosha tu.

Kuosha tanki na tiyo kabla ya kuanza

Tanki mpya pia inaoshwa. Kazi inafanyika jioni, kwa sababu dawa inapaswa kulala ndani usiku mzima.

Kwanza inatayarishwa dawa mama ya asilimia 1: gramu 15 za klori ya unga ya asilimia 70, ndani ya litri moja ya maji safi. Gramu 15 ni karibu kijiko kimoja kikubwa kilichosawazishwa. Inafanyiwa inje, penye hewa, kwa chombo cha plastiki. Mwenye kuitayarisha avae glavu na alinde macho. Klori isichanganywe hata kidogo na dawa nyingine za kusafisha, kwani inaweza kutoa gazi ya sumu.

1. Tanki inasuguliwa ndani kwa maji na brosi, kisha maji yale yanamwagwa.
2. Tanki inajazwa maji, kisha inatiwa litri 5 za dawa mama kwa tanki ya litri 1.000, ao litri 1 kwa pipa la litri 200.
3. Robine ya mwisho inafunguliwa mpaka harufu ya klori ifike pale, kisha inafungwa. Sasa tiyo nayo imejaa dawa.
4. Vyote vinalala masaa 12. Alama inawekwa kwenye robine, kusudi mtu asinywe.
5. Asubuhi maji yote yanamwagwa, mbali na bustani, na mbali na ziwa ao mto. Tanki na tiyo vinasuuzwa mpaka harufu kali iishe.

Kazi hii inarudiliwa kila mara tiyo imekatwa na kuunganishwa, na kila mara maji machafu yameingia.

Dawa ya kila siku

Kama maji yametoka ziwani, mtoni ao kwenye bati, kila tanki mpya inatiwa dawa. Kiasi kinategemea maji. Maji yenye matope yanakula dawa nyingi, na mengine hayapokei vizuri. Basi kwanza yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha ndipo dawa itiwe.

Kujua kiasi, inafanyika majaribio ya ndoo nne za litri 20. Kwa siringe isiyo na sindano, ndoo ya kwanza inapewa mililitri 2 za dawa mama, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8. Zinakorogwa, zinangojwa dakika 30, kisha zinapimwa kwa kifaa kidogo cha rangi ambacho watu wa afya na mashirika ya maji wanakitumia. Ndoo inayoonyesha miligramu 0,4 ao 0,5 ya klori kwa litri ndiyo inafuatwa. Kiasi chake kinazidishwa mara 50 kwa tanki ya litri 1.000. Ikiwa ni ndoo ya pili, basi mililitri 4 mara 50 ni mililitri 200.

Kwenye robine, kipimo kinatakiwa kubaki kati ya 0,2 na 0,5. Chini ya 0,2 maji hayana tena ulinzi, na yakiingia kwenye bidoni chafu yanaharibika upesi. Harufu ndogo ya klori haiui mtu. Wamama wengine wanakataa maji yale na kurudi kwa yale ya ziwa kwa sababu ni matamu. Inafaa kuwaeleza kwa heshima: harufu ile ni mlinzi aliyebaki mlangoni.

Dawa mama inatunzwa kwenye chombo kilichofungwa, penye giza, mbali na watoto, na inatayarishwa mpya kila juma. Maji ya javeli yanaweza kutumiwa kama hayana manukato na kama nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Mahali ambapo hakuna dawa kabisa, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote vizuri.

Mahali pa robine

Robine ya muda isiachwe ikining'inia kwenye tiyo. Ifungwe kwenye mti ao nguzo imara, kwa urefu wa bidoni na kidogo zaidi. Chini yake yawekwe mawe ao simenti, na mfereji mdogo wa kupeleka maji yanayomwagika mbali. Dimbwi chini ya robine linaleta mbu, na watoto wanaingiza miguu kabla ya kushika bidoni. Choo kiwe mbali na chanzo cha maji angalau metre 30.

Mabidoni pia ni sehemu ya mstari wa maji. Bidoni yaoshwe na sabuni, changarawe na maji, kisha yasuuzwe, kila juma. Kifuniko kikipotea, mfuko wa plastiki si kifuniko. Nyumbani, maji yamiminwe, kikombe kisizamishwe ndani.

Kila asubuhi, na siku maji yanaporudi

Mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia. Asubuhi anatembea pamoja na tiyo kutoka mwanzo mpaka mwisho, akitafuta unyevu, mkato ao mahali chukudu ilipita. Maji yaliyolala ndani ya tiyo usiku, ama yaliyopata joto la jua, yanaachwa yatoke kwanza. Hayatupwi bure. Yanapokelewa kwenye ndoo ya kufulia ao ya kusafisha choo.

Siku ambayo maji yanarudi kisha kukatika, sheria ni ile ile, lakini kwa nguvu zaidi: maji ya kwanza si ya kunywa. Yakitoka na rangi, harufu ya mtaro ao mchanga, robine inafungwa, majirani wanaambiwa, na tiyo inakaguliwa kabla ya yote.

Kama mtu ameanza kuhara maji meupe kama ya mchele, kazi ya tiyo inaacha kuwa ya plombie peke yake. Mgonjwa apelekwe haraka kwenye kituo cha afya ama cha kutunza kolera. Njiani anywe serumu: pakiti ya ORS kama iko, ama litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kituo cha afya kiambiwe pia mgonjwa anachota maji wapi, kusudi robine ile ipimwe.

Makubaliano kati ya majirani

Maji ya muda yanasimama juu ya uelewano. Familia zinazotumia kontere moja ziandike kwenye karatasi: nani analipa, kwa hesabu gani, siku gani, na nani anatoa feza tiyo ikiharibika. Njia rahisi ni kuhesabu mabidoni, na daftari inakaa kwa mtu ambaye wote wanamwamini. Jirani akikosa faktura miezi mbili, si yeye peke yake anayekatiwa maji. Ni wote walio kwenye tiyo yake.

Wageni waliokimbia vita na kupokelewa kwenye familia wahesabiwe pia. Nyumba iliyokuwa na watu 7 ikipokea 9 wengine, mahitaji yanapanda kutoka litri 105 mpaka 240. Tanki ile ile haitoshi tena, na mara nyingi ni mgeni ndiye anayeona haya kuchota na kwenda ziwani usiku.

Muda unapokwisha

Neno lenyewe linasema: ya muda. Tiyo ya juma moja ikikaa miaka miwili, viungo vinalegea, plastiki inapasuka, na watu wanasahau ilipita wapi. Kila miezi mitatu, wenye kuitumia wakutane na kujiuliza kama sasa wanaweza kuomba bomba la kweli, kwa pamoja, na kugawana gharama.

Siku mtandao unapofika, tiyo ya zamani ikatwe pale inapoanzia kwa jirani na ncha ifungwe kwa kifuniko chake. Kuacha kipande kirefu kilichojaa maji yasiyotembea, kimeunganishwa bado na bomba, ni kuhifadhi uchafu kwa siku maji yatakapokatika tena. Tiyo iliyo nzima bado ikaushwe, ncha mbili zifungwe, iviringishwe na kutunzwa ndani. Mashariki hii, mtu anayejua alipoweka tiyo yake safi anaweza kufungua maji kwa kartie nzima asubuhi ya kwanza ya shida.